Vidole vya Velten

Kapteni von Rassow alikuwa na miguu laini, na Velten Krauch alikuwa na miguu ya saizi ileile. Basi hiyo ndiyo iliyompa Velten kazi, miaka tisa mizima, katika kambi ya askari wa farasi ya Grünhagen.

Mabuti ya vita hayakuwa mchezo. Ngozi ilikolezwa nta na lami mpaka ukiigonga inalia kama mlango, ikapanda hadi juu ya goti, ili farasi wakibanana vitani mfupa wa mtu usivunjike. Hayakuwa na kulia wala kushoto. Kila asubuhi uliyabadilisha miguu. Aliyeyavaa yakiwa mapya aliumia, kwa hiyo akatafutwa mtu wa kuumia. Siku arobaini kila jozi, Velten alizunguka uwanja akichechemea mpaka ngozi ilegee. Kisha Kapteni aliyapokea na kusema yanamkaa vizuri.

"Vumilia, Velten," alimwambia kila mara. "Nafasi ikitokea nakuingiza kikosini. Farasi wako, upanga wako."

"Huyo farasi keshazeeka akikungoja, baba watoto," mkewe Dorte alimtania, akimkanda vidole kwa mafuta ya bata bukini. Velten alicheka. Alimwamini yule bwana, maskini wa Mungu, na mimi simlaumu.

Majira ya kuchipua nafasi ikatokea. Velten akapanga foleni mbele ya daktari wa kikosi, Kapteni akiwa amekaa kando na orodha yake. Daktari akamwambia avue mabuti. Akaona vidole vilivyopandana, kucha hamna.

"Lo! Nani kakufanya hivi, wewe?"

Velten akamgeukia Kapteni huku akitabasamu, maana mwenye jibu alikuwa papo hapo.

Kapteni hakuinua macho. "Alikuja hivyohivyo," alisema. "Hafai. Anayefuata!"

Mtu ambaye Velten alimwaga damu kwa ajili yake alikuwa amemkana mbele ya watu, bila hata kupepesa. Akaokota mabuti, jozi mpya ya Kapteni, siku ya kumi na mbili tu, akaanza kuondoka peku.

"We Velten," Kapteni akamwita, kwa upole uleule wa siku zote. "Mbona umeyashika mkononi? Yavae mpaka jioni. Kwenye kifundo bado yanabana."

Velten akakaa chini mbele ya wote, machozi yakimdondoka, akayavaa.