Chungwa la Baba Yake Bi Joyce

Enzi zetu, mtoto wa Joubert Park aliujua mji kwa nyayo zake. Hatukuwa na simu ya kutuambia kata kushoto, kata kulia. Tulikuwa na robot. Kwa ninyi mliokulia kwingine, robot hapa Johannesburg ni taa za barabarani, na sisi tulizihesabu kama mtu anavyohesabu punje za tasbihi. Shuleni, robot mbili. Dukani kwa mkate, robot moja kisha uchochoro. Kwa Wachina, vuka daraja la reli, halafu robot kumi na moja kuelekea magharibi, na ukiliona lile jengo refu la polisi, la bluu, ujue umefika.

Nilikuwa na miaka kumi, na mdogo wangu Sipho saba. Baba yetu ni mtu wa hapa. Aliikimbia nchi akiwa kijana, wakati wa ubaguzi, akaishi Morogoro miaka mingi, na huko akamwoa mama yetu, binti wa Tanga, ambako sisi tulikulia kwa bibi. Nchi ilipokuwa huru akaturudisha kwao, ghorofa ya tisa, vyumba viwili na kibaraza kinachotazama bustani. Sisi watoto tuliushika mji upesi. Wenzetu walicheza diketo na sisi tukagundua kuwa ni mdako uleule wa kudaka vijiwe. Waliuza magwinya mlangoni mwa shule, na tukayapokea kama ndugu wa andazi aliyesahau iliki nyumbani. Tulicheza rede kwenye korido kwa mpira wa soksi mpaka majirani wakatoka na mifagio.

Mama hakuushika mji. Wiki ya pili tu alitoka peke yake kununua vitunguu, akapotea nyuma ya stesheni. Kiingereza hana, Kizulu hana. Baba alimkuta alasiri amekaa kwenye ngazi za jengo la watu, vitunguu mapajani, anatazama viatu vya wapitao. Tangu siku hiyo hakutoka tena bila Baba, na Baba alikuwa kazini siku sita kwa wiki.

Kisha sanduku likatokea. Lilikuwa la kahawia, limefungwa kwa kamba ya katani, na lilisimama nyuma ya mlango wa chumbani kama mgeni anayesubiri kuagwa. Nilimsikia Mama akimwambia Baba jikoni, "Shule zikifungwa mimi narudi kwetu. Watoto wabaki wasome. Sikulaumu, Baba Zaina, ila mimi hapa nanyauka."

"Utanyauka vipi, na wewe huli?" Baba akasema. "Kula kwanza."

"Nile nini? Kabeji? Ningepata matembele, fungu moja tu, ungeniona nakula."

Matembele, kwa asiyeyajua, ni majani ya viazi vitamu. Kwetu Tanga yanapikwa kwa tui la nazi na hakuna anayeyafanyia sherehe, lakini hapa mjini watu walikula kiazi na jani hawakuwa na habari nalo. Mimi nilikuwa na miaka kumi, na hesabu yangu ilikuwa fupi: akipata matembele atakula, akila atabaki. Shule zilikuwa zimebakiza wiki sita. Nikaanza kuyatafuta.

Rafiki yangu Lerato ndiye aliyenielekeza. "Eish, Zaina, nenda kwa Wachina," aliniambia. "Wale wanauza kila jani la duniani." Wengine darasani walituhadithia mambo ya kutisha kuhusu mtaa ule, na kama kawaida wasimuliaji wote walikuwa hawajafika. Nilijifunza mapema kwamba anayekuogofya na mtaa, kwanza umwulize aliingia lini.

Kwa hiyo kila Jumamosi, madrasa ikiisha saa nne, tulikuwa na saa mbili za kujifanya bado tuko madrasa. Tulikwenda hatua kwa hatua. Jumamosi ya kwanza tulifika robot ya saba, Sipho akataka kukojoa, tukarudi. Ya pili tulifika tukasimama ng'ambo ya barabara tu, tukatazama. Taa za karatasi nyekundu zilizopauka kwa jua. Maandishi yaliyoshuka ukutani kama mvua badala ya kwenda kama mistari ya daftari. Bata waliochomwa, wanang'aa kama viatu vya askari, wananing'inia dirishani. Wazee wawili walicheza mchezo wa vigae mezani, na vigae viligongana kwa sauti ambayo mpaka leo nikiisikia naona mtaa wote.

Jumamosi ya tatu tukaingia dukani.

Lilikuwa duka refu, jembamba, lenye giza la ubaridi. Upande mmoja kulikuwa na kabati la vidroo, labda mia, na kila kidroo kina mizizi yake au maganda yake au vitu vilivyokauka nisivyovijua. Upande wa pili magunia ya mchele, uyoga mkavu, kamba wakavu, dagaa. Dagaa! Nilipovuta ile harufu niliona soko la Tanga lote, na bibi yangu ndani yake. Mbele kulikuwa na makapu ya mboga za majani. Nikayapitia moja moja. Matembele hayakuwemo. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba sijui matembele yanaitwaje kwa lugha yoyote ya mji huu, kwa hiyo hata kuuliza siwezi.

Wakati nimesimama pale, pua yangu ikapata harufu nyingine. Ubani.

Hapa naomba mnisikilize kwa subira, kwa sababu kosa langu lina sababu. Kwetu Tanga, ukisikia ubani na ukaona sahani zimepangwa, hiyo ni khitima. Marehemu wa watu ameombewa dua, na chakula ni sadaka, na sadaka haina mwenyewe zaidi ya watoto. Mtoto haulizi, hupiga bismillahi. Sasa ndani kabisa mwa duka, kwenye rafu nyekundu ya ukutani, palikuwa na picha ya mzee mwembamba mwenye miwani, vijiti vitatu vinafuka moshi, vikombe vya chai, machungwa matatu, na sahani ya mikate midogo myeupe laini kama pamba. Mbele ya rafu hapakuwa na mtu. Nilifikiri watoto wa mtaa wamechelewa tu.

"Sipho," nikanong'ona, "sadaka."

Nikasema bismillahi. Nikampa chungwa, mimi nikachukua mkate.

"Nenzani?"

Sauti ilitoka nyuma yetu, kwa Kizulu kilichonyooka kuliko changu: mnafanya nini? Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, ana aproni ya maua na kalamu nywelani. Huyo ndiye Bi Joyce. Alizaliwa mtaa uleule, na baba yake pia, na sisi tulidhani ameshuka jana kutoka China.

Hakupiga kelele. Aliketi juu ya gunia la mchele. "Hivyo ni vya baba yangu," akasema.

Mdomo wangu ulikuwa umejaa. "Yuko wapi nimwombe radhi?"

Akaelekeza kidole kwenye picha. "Leo anatimiza mwaka."

Sipho alikuwa amekwisha kumenya. Alijaribu kulirudishia chungwa ganda lake.

Bi Joyce akasema neno moja lililonipasua kuliko kofi. "Kamleteni mama yenu."

Ningefanya nini? Mama yangu hakushuka hata kutupa taka. Njia nzima nilimwapisha Sipho asiseme. Tulipofungua mlango alisema, "Mama, Dada amekula chakula cha maiti."

Mama alikuwa kibarazani. Alisikiliza yote bila kukatiza: madrasa tuliyoisingizia, robot kumi na moja, duka, picha. Nilingoja kipigo. Lakini yeye aliuliza tu, "Weye Zaina, kule ulikuwa ukitafuta nini?"

"Matembele," nikasema, na nikaanza kulia.

Akatazama chini bustanini, kisha akaniuliza jambo la pili. "Na ile mikate ndani yake mlikuwa na nini?"

"Sijui."

"Mwanangu, umemla marehemu wa watu na hujui kama ana nguruwe?" Akasimama. "Tutakwenda. Mtu akikosewa siku ya msiba wake haachwi akae nayo. Lakini mkono mtupu haulambwi."

Mama alikuwa na jibu moja kwa aibu zote za duniani, nalo ni vitumbua. Ila chuma cha vitumbua kilikuwa sandukuni, na iliki pia, imefungwa kwenye ncha ya kanga. Nilimwona akipiga magoti nyuma ya mlango, akaifungua ile kamba ya katani kwa meno. Alitoa kanga, akatoa buibui, akatoa viatu, akaviweka vyote kitandani, na chini kabisa akakipata chuma. Mchele ulilowekwa, ukasagwa, ukachanganywa na tui la kopo huku akilisonya lile kopo, na siku ya pili asubuhi korido nzima ya ghorofa ya tisa ilinukia iliki. Jirani mmoja aliyezoea kututolea ufagio alitoa pua tu.

Tukaenda watu watatu, Baba tukamwacha amelala. Mama alinishika kifundo cha mkono, sahani kichwani imefunikwa kitambaa. "Hii robot ya ngapi?" "Ya tatu, Mama." "Hii?" "Ya nne." Kwenye ya nane akaacha kuuliza. Kwenye ya tisa nilimsikia anahesabu mwenyewe.

Mlangoni mwa duka alisimama ghafla. Dagaa walikuwa wamemfikia. Alivuta pumzi, akaivuta tena, kisha akaingia mbele yangu.

Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani, na siwatakii ninyi kazi hiyo, kutafsiri mashtaka yako mwenyewe.

"Mwambie Bi huyu nimekuja kumpa pole kwa baba yake. Mwambie mtoto wangu si mwizi, ni mpumbavu."

Nikatafsiri, nikalainisha kidogo.

"Mwambie kwetu chakula cha marehemu hupewa walio hai, na marehemu akapata thawabu. Ndiyo sababu mtoto akala."

Bi Joyce akafunua kitambaa. Alichukua vitumbua vitatu, akaviweka kwanza kwenye rafu mbele ya mzee mwenye miwani, akawasha vijiti vipya. Mama akajikaza. Kisha Bi Joyce akaketi juu ya gunia lake, akasema, "Mwambie mama yako na sisi tunakula. Tunaanza na waliokufa, tunamalizia na walio hai. Vijiti vikiisha kuungua, chakula ni cha wote. Mtoto hakukosea kula. Alikosea kuwahi."

Mama alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu Tanga.

"Muulize basi ile mikate ina nini ndani."

"Maharage matamu," akajibu Bi Joyce.

"Alhamdulillahi," akasema Mama, na kwa mara ya kwanza akaketi.

Tulingoja vijiti viungue. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na Mama akawa anachungulia uani kwa adabu, kama wageni wachunguliavyo. Halafu akanyanyuka bila kuaga. Nilimkuta ameinama juu ya makopo ya rangi yaliyokatwa vichwa, yamepangwa ukutani, na kila kopo limemwaga majani yenye umbo la moyo.

"Zaina," akasema taratibu, kama anaogopa yatakimbia. "Matembele."

Kumbe Bi Joyce hakuyauza. Yalikuwa ya jikoni kwake. Alisema wateja wa mji huu hawana akili ya kula jani. Siku hiyo tulirudi na fungu kubwa, na vikonyo vitano vya kupanda vimefungwa kwenye gazeti bichi. Mama alikula. Jumamosi iliyofuata alikwenda tena, na mimi nikabaki nacheza rede. Shule zilipofungwa, sanduku lilikuwa limejaa mablanketi ya baridi, na chuma cha vitumbua kiko juu ya jiko.

Siku hizi binti yangu Naledi anaujua mji mzima bila kuvaa viatu. Nikimwambia tulihesabu robot, ananitazama kwa huruma. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza, na chakula kinamfuata mlangoni kwa pikipiki bila kumtaka akutane na mpishi. Simlaumu, hata sisi tungeipanda hiyo pikipiki. Ila nasikitika kidogo kwamba hakuna anayeweza kumkaripia robot kumi na moja kutoka nyumbani.

Bi Joyce alihamia mashariki na wanawe, kwenye mtaa mpya wa Wachina, na miaka michache baadaye akafariki. Mama sasa anaishi nasi La Rochelle, kusini mwa mji, magoti yamemchoka, lakini makopo yake ya rangi yamejaa ua. Mwezi uliopita alipika vitumbua akaniambia, "Nipelekee dukani kwake, lile la zamani. Mchukue na huyo bubu wako wa Kiswahili."

Simu ya Naledi ilituambia kwamba duka hilo halipo. Tukaenda. Mtaa umebaki na maduka machache. Bata ni wa dirisha moja tu. Pale palipokuwa na vidroo kuna cherehani mbili, na fundi Mkongomani akasimama. "Karibu, mama, ingieni. Munatafuta nguo gani?" Kiswahili, mahali ambapo mama yangu alihitaji mkalimani.

Nilikuwa natazama ukuta wa nyuma. Rafu imeondolewa, lakini alama nyeusi ya moshi ipo palepale, imepanda ukutani kama mkono.

"Ile nilikuta iko pale," akasema fundi. "Nilipaka rangi duka yote, ile sikuipakaka. Nilijua ni ya wenyewe."

Nikaweka sahani juu ya meza ya kukatia, chini ya ile alama, nikafunua kitambaa. Naledi akanyoosha mkono.

"Ngoja kidogo," nikamwambia.

Aliurudisha mkono. Fundi naye akazima cherehani, bila kuuliza. Tukasimama watu watatu tukautazama ukuta, iliki inanukia, nje magari yanapita. Mtoto akanitazama, akaitazama sahani.

"Bado?" akauliza, kwa Kiswahili.

"Sasa kula," nikasema.