Libanga la Kitenge

Kitenge ameimba miaka ishirini hapa Kasongo na bado anakuja mazoezini kwa miguu. Alianzia kwenye harusi, na kilichomlisha si sauti yake, ni majina ya watu. Tajiri akiingia unamtaja katikati ya wimbo, naye hufungua mkono. Sisi huita kutupa libanga. Kitenge alitupa hata akiwa na homa.

Mwaka jana mdogo wake, Heri, alifukiwa kwenye shimo la dhahabu upande wa Wamaza. Mwenye shimo, Antoine, alituma gunia la mchele, na wiki iliyofuata akateremsha watu wengine mlemle. Hapo Kitenge alichoka. Alituambia sisi wanabendi, mimi mpiga ngoma na wenzangu wawili wa gitaa, kwamba harusi basi. Tutapiga rock, na wimbo mpya utakuwa wa mapinduzi: wachimbaji wakatae, shimo liwe la wanaolichimba. Ndani yake hatatajwa tajiri hata mmoja. Litaitwa jina la Heri tu. Alimwahidi hivyo Nabintu, mjane wa marehemu, naye akapanda pikipiki kutoka Kabambare, siku nzima kwenye matope, aje kulisikia.

Jumapili alasiri tulipiga uwanjani karibu na soko. Jenereta ilizima mara mbili. Lakini wimbo ulishika; vijana wa pikipiki waliitikia kana kwamba wameutunga wao. Tukafika pale gitaa linapobaki peke yake ili Heri aitwe. Wakati huohuo Antoine akapita mbele ya jukwaa, akitafuta kiti.

"Papa Antoine, baba ya bayatima!" Kitenge akaita.

Mazoea yana taabu. Mdomo ulimtangulia, nami nilimwona akishtuka. Watu walicheka, wakacheza zaidi. Antoine akapanda akambandika noti kwenye paji la uso, ikaganda kwenye jasho. Kitenge aliimba mpaka mwisho, macho chini. Mimi niliendelea kupiga ngoma, na aibu ninayo mpaka leo.

Tulipokuwa tunakunja nyaya, Nabintu alimfikia. Hakupaza sauti.

"Shemeji, mi nilitoka Kabambare juu ya jina moja tu."

 Kitenge akamnyooshea ile noti, bado mbichi kwa jasho.

"Bakia nayo," Nabintu akasema. "Ule mutu alishanipa muchele."