Viatu Vyeusi Nilivyonunua Masasi

Haya yalinitokea mimi mwenyewe, mchana, jua likiwaka, na sikuwa nimekunywa kitu zaidi ya soda. Nalisema mapema kwa sababu kila nikisimulia hakosi mtu wa kutabasamu. Tabasamu ukitaka. Miguu ni yangu, na hasira ni yangu pia.

Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Kitangari. Mkuu wetu mpya wa shule alipofika alitangaza kwamba hataki kumwona mwalimu wa kiume amevaa sandali. Anataka viatu vya ngozi, vya kufunika. Sawa. Nikanunua Newala mjini viatu vipya vinavyong'aa, muuzaji akaniapia kuwa ni ngozi. Haukuisha hata mwezi, soli ya mguu wa kulia ikabanduka mbele ya kidato cha pili, ikawa inapiga sakafu kila nikisogea. Darasa zima likacheka. Ngozi gani ile? Ilikuwa plastiki iliyopakwa rangi, imeshikizwa kwa gundi. Anayemuuzia takataka ile mtu anayesimama kutwa nzima anamfundishia watoto wake, mimi sijui nimwite nani.

Kwa hiyo Jumamosi moja nikapanda pikipiki yangu mpaka Masasi, na safari hii nilikuwa nimejipanga. Sikwenda kununua asubuhi, maana mguu wa asubuhi haujavimba, unadanganya. Nilivaa soksi zile zile za kazini. Nikazunguka kwenye mitumba nikikunja kila kiatu, nikitazama kama soli imeshonwa kwa uzi au imebandikwa tu, nikinusa ndani. Ngozi ya kweli ina harufu yake.

Muuzaji mmoja mnene, mwenye maneno mengi, alinitazama nikikataa jozi baada ya jozi.

"Bosi, wewe ni mtu wa viatu," akasema. "Subiri kidogo."

Akavuta mfuko mweusi uliokuwa chini ya turubai, akatoa jozi moja ambayo hakuwa ameipanga na nyingine. Sikatai, vilikuwa viatu. Vyeusi, vya kamba, ngozi nene lakini laini, soli imeshonwa kuzunguka, kisigino kifupi na kipana. Nilipovaa na kusimama, vidole vilipata nafasi mbele na mguu haukuchezacheza nyuma. Soli ilikuwa haijachubuka, kama vile mwenyewe hakuvitembelea sana. Ndani, penye kisigino, mtu alikuwa ameshonea kitambaa laini kwa uzi wa buluu. Na mbele, kwenye kiatu cha kushoto, palikuwa na pamba nyeupe kidogo. Nilidhani ni ya kuzuia ngozi isibonyee. Wewe ungedhani nini? Nikaitupa pale pale, nikalipa, nikaondoka navyo miguuni.

Nilipokaribia Lulindi miguu ikaanza kupata baridi. Si kubanwa, si ganzi. Baridi, kama nimeitumbukiza kwenye maji ya kisima, na jua lenyewe lilikuwa la kupasua kichwa. Nikasimamisha pikipiki kando ya shamba la mikorosho, nikakaa chini nilegeze kamba.

Ndipo nikamwona mwanaume anakuja kwa miguu. Suti ya kijivu, tai, shati jeupe limefungwa mpaka kooni, na miguuni hana viatu. Kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto kilikuwa kinaning'inia kipande cha kitambaa cheupe. Lakini niamini, si hicho nilichokiona kwanza. Kwanza niliona kuwa nyayo zake ni safi. Barabara ile ina vumbi jekundu linaloingia mpaka masikioni, viatu vyangu vyenyewe vilikuwa vimeshabadilika rangi, na yeye miguu yake ilikuwa kama ya mtu aliyetoka kuoshwa.

Alikuwa mkubwa kwangu. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee."

Hakuitikia. Umewahi kumwona mzee wa huku kwetu akiiacha shikamoo ianguke chini?

"Vimekutosha?" akauliza, anaitazama miguu yangu.

"Vimenitosha."

"Na mimi vilinitosha. Mama Tumaini alivishonea kitambaa hapo nyuma, vilikuwa vinanichubua." Alizungumza taratibu, kama mtu aliyekaa na hasira siku nyingi mpaka imemkaukia kooni. "Danieli amenivua. Wenzake walipotoka chumbani akanivua, akanifunika miguu kwa shuka."

Sikuogopa, nilikasirika. Nilijua huu ni mchezo: muuzaji anakuuzia, mwenzake anakusubiri njiani kukunyang'anya, bidhaa inarudi sokoni.

"Mimi nimenunua kwa haki," nikamwambia. "Kama una neno, nenda Masasi kwa aliyeniuzia."

"Masasi ni mbali kwa miguu mitupu," akasema. "Mpelekee Mama Tumaini, Lulindi. Nyumba ya pili ukipita kanisa."

Niliinama nifunge kamba niondoke zangu. Nilipoinua kichwa hakuwepo. Mikorosho ilikuwa imefyekewa chini, unaona mpaka upande wa pili wa shamba, na barabara ilikuwa tupu huku na huku. Nikatazama mchangani. Palikuwa na alama za tairi langu na za viatu nilivyovaa. Za kwake hazikuwepo hata moja.

Hata hivyo hasira haikuisha. Nikasema naenda huko huko Lulindi, nikute hakuna Mama Tumaini yeyote, nirudi Masasi nikamkamate yule mnene.

Nyumba ya pili baada ya kanisa, mwanamke aliyejitanda kitambaa cheusi alikuwa barazani anachambua mbaazi kwenye ungo.

"Hodi hapa. Namtafuta Mama Tumaini."

"Ndiye mimi. Karibu, baba." Kisha macho yake yakashuka miguuni kwangu, akauweka ungo chini. "Viatu hivyo umevitoa wapi?"

Nikavivua nikampa. Hakuvitazama. Aliingiza mkono ndani, akapapasa kitambaa cha kisiginoni.

"Uzi wa buluu," akasema. "Siku ile sikuwa na mweusi."

Mumewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, miguu ikimsumbua miaka yote. Alipopewa ualimu mkuu, walikwenda pamoja kuchagua viatu vya heshima, vya kufika navyo kustaafu. Alivivaa siku chache tu, ugonjwa ukamlaza. Alipofariki, mkewe alitaka azikwe navyo.

"Nani alimvalisha?" nikauliza.

"Shemeji yangu, Danieli. Mimi nilimkabidhi."

Mimi nilikuwa sijalitaja jina hilo.

Danieli aliitwa, anakaa nyumba ya jirani. Akaja amependeza, ananikaribisha mgeni. Ukoo ulikuwa umemkabidhi mikorosho ya kaka yake aisimamie kwa niaba ya watoto. Alipoviona viatu mikononi mwa shemeji yake hakushtuka hata kidogo. Ndicho kinachonichoma mpaka leo.

"Viatu vizima vioze ardhini kwa faida gani?" akasema. "Kwani marehemu anatembea?"

Nilimkamata ukosi wa shati. "Anatembea," nikamwambia. "Nimeachana naye sasa hivi barabarani, na hana viatu."

"Mwachie, baba," akasema Mama Tumaini. Akamgeukia Danieli, na hakupandisha sauti. "Kuanzia leo usikanyage hapa. Na mikorosho ya watoto nitaisimamia mwenyewe. Ukoo ukiuliza, waambie waje, nitawaonyesha viatu."

Hakuna aliyekuja kuuliza. Kesho yake, baada ya ibada, padri na ndugu wachache walichimba upande wa miguu wa kaburi, wakavizika. Nilisimama pale nimevaa kandambili za kuazima.

Unadhani yameishia hapo? Danieli mzima wa afya, nimemwona Masasi, anacheka na watu. Yule muuzaji nilimfuata, akanijibu kwamba yeye ananunua kwa watu, haulizi. Mimi ndiye miguu yangu haikupata joto tena. Hata mwezi wa kumi, ardhi inapochoma, mke wangu Mama Fadhila akiigusa usiku anaondoa mkono. Hospitali hawaoni kitu. Nikivaa kiatu cha kufunika baridi inapanda mpaka magotini, kwa hiyo nafundisha na sandali, na mkuu wa shule ananiandikia barua za onyo. Namlaumu hata yule marehemu. Kwa nini hakumwendea ndugu yake?

Basi wewe unayenunua, kunja soli, nusa ngozi, tazama uzi, lakini uliza pia kiatu kimetoka kwa nani, na ukiona pamba ndani, kirudishe. Na wewe unayemvua marehemu, usikae ukingoja akutokee. Hatakutokea. Atamtokea mtu asiye na kosa, na mtu huyo atakuja mpaka mlangoni kwako.

Mimi siku ile nilizuiwa na mwanamke. Mwingine anaweza asizuiwe.