Haruna na Jumapili za Bamvua

Marehemu mume wangu, Haruna, alikuwa fundi wa injini za boti karibu na Nyamisati, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa mzee wa kanisa katika mtaa wetu wa Kilutheri, yaani tawi dogo la usharika. Wapo wanaosema hadi leo kwamba mtaa ulikaribia kufungwa kwa uzembe wake. Nilikuwepo, na haikuwa hivyo.

Sisi Walutheri wa delta ni wachache. Majirani zetu ni Waislamu. Wao hutuletea futari, nasi huwapelekea pilau ya Krismasi. Familia zetu nyingi hulima mpunga visiwani, na kuja kanisani ni lazima wapande mtumbwi. Usharika mama uko mbali, kwenye barabara ya lami. Mchungaji hutujia kila baada ya wiki mbili, na ibada huanza saa nne asubuhi.

Mwaka ule tuliletewa mchungaji mgeni, mtu wa milimani, mwema na mwenye sauti nzuri. Ziara yake ya kwanza iliangukia Jumapili ya bamvua. Siku hizo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, na ikifika saa nne asubuhi mikondo yote ni tope la kiunoni, mtumbwi haupiti. Bamvua nayo hurudi kila baada ya wiki mbili, sawasawa na mchungaji. Basi miezi mitatu mizima alihubiria watu saba wa upande wetu, tusiohitaji mtumbwi, na watatu kati yao ni sisi wa nyumba hii.

Haruna hakumwambia neno. Huku kwetu mchungaji hapangiwi siku. Alidhani mchungaji mwenyewe ataona maji.

Baraza la wazee lilipokaa, mahudhurio yakasomwa. Mzee mmoja wa usharika mama, Mussa, akacheka kwa sauti.

"Mzee Haruna, washarika wako wameliwa na mamba?"

Haruna akainamisha kichwa. Ikaamuliwa kwamba mwisho wa mwezi mtaa ufungwe, nasi tuwe tunasali usharika mama. Kwa watu wa visiwani, hiyo ilikuwa sawa na kuambiwa wasisali tena.

Nyumbani kwetu siku haikuanza bila ibada. Kabla ya chai tulikaa mkekani, tukaimba ubeti mmoja, na binti yetu Salima akasoma Neno. Kisha ikafuata sheria ya Haruna mwenyewe: hakuna amina kabla kila mtu hajataja alichomficha mwenzake. Asubuhi iliyofuata baraza, zamu yake ilipofika, alianza kuchezea ncha ya mkeka.

"Baba, chai inapoa," Salima akasema.

"Nimemficha mchungaji habari za maji," akajibu hatimaye. "Niliona ni utovu wa adabu mimi kumfundisha."

Nikamwambia, "Baba Salima, adabu gani hiyo inayofunga kanisa?"

Hakugusa chai. Alivaa koti lake la ibada, akapanda bodaboda hadi kwa mchungaji. Mchungaji alimsikiliza wakiwa wamesimama mlangoni.

"Miezi mitatu, Mzee! Na wewe unanitazama tu?"

"Nilikuheshimu, Baba Mchungaji."

"Basi nipunguzie heshima. Nije lini?"

"Jumapili hii, siku za maji mafu. Hayapandi sana, lakini saa nne yatakuwa yamejaa."

Jumapili hiyo mchungaji alikuja na Mussa, aliyetumwa na baraza kuhesabu watu. Walitukuta ufukoni. Mitumbwi ilikuwa ikitoka kila mkondo, watu wamevaa nguo nyeupe, wanaimba. Jirani yetu Shaban, muuza boriti na kahawa, akashika kiuno.

"Leo Walutheri mnahama? Hata Bibi Mwamini, aliyeapa hatoki kisiwani mpaka kwa jeneza!"

"Nyamaza, Shaban!" bibi akamjibu toka mtumbwini. "Nimefuata Chakula cha Bwana, sikufuata kahawa yako!"

Kanisa lilijaa, wengine wakasimama nje madirishani. Mkate ulioletwa ulikuwa wa watu ishirini, ikabidi mchungaji avunje kila kipande mara nne. Watoto watano walibatizwa. Mussa alihesabu, hakuamini, akahesabu tena: watu themanini na mmoja.

Baada ya baraka akasimama mbele, hana kicheko tena.

"Mzee Haruna, nilikudhihaki mbele za watu, nakuomba radhi mbele za watu. Nitaliambia baraza nilichokiona. Mtaa huu haufungwi."

Vigelegele vilimzuia mchungaji kusema kwa muda mrefu. Alipopata nafasi, alimpa Haruna kalenda ya usharika na kalamu. "Tarehe zangu za huku utanipangia wewe."

Haruna akampangia, yeye na wachungaji wawili waliomfuata, kwa miaka tisa, mpaka Bwana alipomwita. Katika miaka hiyo yote hakuna Jumapili hata moja ambayo mchungaji alifika akakuta tope.