Maji ya Kuinyweshea Pampu

Siku ya kwanza ya kazi ya ufundi pampu nilifika na viatu vya wazi. Msimamizi wa Maji, bosi wangu, aliniangalia miguu akacheka. "Binti, umekuja kazini au harusini?" Akanipa spana na buti za mtu mwingine. Nilikuwa nimeishia kidato cha pili, naota kila nyumba ya kijiji chetu, Mwaya, iwe na kisima chake. Naota hadi leo.

Ndani ya pampu ya mkono kuna washa, kizibo cha ngozi chenye umbo la kisosi, inayopanda na kushuka na mpini. Ikikauka inasinyaa, hewa inapita pembeni, unapampu upepo. Dawa yake ni kuinywesha: mmoja anamwaga maji juu taratibu, mwingine anapampu haraka, mpaka ngozi ivimbe. "Ila usiinyweshe maji ambayo wewe huwezi kuyanywa," Msimamizi alisema. "Yanashuka kisimani hayo. Kesho yamo kikombeni mwako."

Umeme ulipofika na kuleta maji ya bomba, kijiji kilifunga pampu ya mkono kwa mnyororo ili isichakae. Kumbe mapumziko ndiyo yaliyoichakaza.

Masika ikaja, nguzo za umeme zikalala mpungani, mabomba ya umeme yakanyamaza. Maji ya matope na vyoo yalitufika magotini, na hapakuwa na tone la kunywa. Majirani walishahamia kwa ndugu huko mwinukoni. Nilimkuta Mzee Mwaisumo, mlinzi wa kisima, akihangaika na mpini. Bomba lilikuwa limepasuka kwenye kiungio. Nikalizungushia mpira wa tyubu, nikalibana kwa mikono miwili. Nikiachia tu, hewa inaingia.

"Imekufa hii," Mzee akasema.

"Ina kiu, tata, baba yangu. Tunahitaji maji safi, na mtu wa kumwaga."

Hapo akatokea Atupele, mke wa mwanawe. Mtoto wake alikuwa anaharisha tangu jana, ndiyo maana hawakuhama. Mkononi alishika chupa, maji ya kuchemsha yaliyobaki nyumbani. Alipomwona mkwewe alijificha nyuma ya mgomba. Siku hizi wengine wanakula meza moja na wakwe zao. Mzee hakuwa wa hivyo. Kwake, mkamwana na baba mkwe hawatazamani wala hawaongei.

"Haya ni ya mtoto, dada," Atupele aliniambia kutoka mgombani. "Pampu ikigoma je?"

Sikutaka kumdanganya. "Ikigoma, hatuna kitu."

Akaikumbatia chupa. Kisha Mzee akaipa pampu mgongo, akashika mpini kwa nyuma. "Mwambie aje. Mimi sioni mtu."

Akaja, akaanza kumwaga.

"Mwambie baba apunguze, maji yanaruka."

"Mwambie nimepampu kabla yeye hajazaliwa."

"Jamani, si mnasikiana!" nikasema.

Chupa ikashuka nusu, ikashuka tena. Mpini ulikuwa mwepesi kama wa kuchezea. Atupele alikuwa analia kimyakimya huku akiendelea kumwaga. Yalipobaki ya kulowesha kidole tu, mpini ukawa mzito. Waliowahi kupampu wanaujua utamu wa uzito huo.

"Umeshika!" Mzee akapiga kelele, na maji yakatoka kwa nguvu, yakamlowesha suruali nyuma yote. Atupele akacheka, kitenge mdomoni, machozi bado yako shavuni.

"Mwambie…" Mzee akaanza, sauti imeshuka. "Mtoto vipi?"

Kabla sijafungua mdomo, Atupele akajibu mwenyewe. "Anaomba maji, baba."

Mzee hakugeuka. Akapampu.

Mtoto alipona. Mkataba wangu umeisha, nimestaafu kabla ya mvi, nalima kakao. Ninyi mnaoanza kazi hii, itumieni pampu ya akiba hata umeme ukiwaka. Juzi nilipita kule asubuhi, taa zinawaka. Mzee alipampu ndoo moja, "ngozi isikauke," akaifunika kwa jani la mgomba, akakohoa, akaondoka. Atupele akatoka kuichukua.

"Ndaga fijo, baba!" akasema, asante sana, kwa sauti ya kufika mbali.

Mzee hakugeuka, ila alipunguza mwendo.