Jiko la Mtungi Lililokataa Moto Mlimani Meru

Nilitoka Arusha kwa sababu ya tumbo, si kwa kupenda kutembea. Memsabu mmoja, mpimaji wa udongo, alitaka mpishi wa siku tatu wa kufuatana naye kwenye mashamba ya kahawa mlimani Meru. Gari lake lilikuwa na kitanda, kabati na jiko la gesi. Sisi wa mitaa ya mjini enzi zile za Waingereza tulijua kuni, mkaa na stovu ya mafuta ya taa. Aliniuliza kama gesi naijua, nikasema naijua sana. Nilikuwa sijaigusa hata siku moja.

Asubuhi tuliondoka. Dereva alikuwa Elieza, Mmeru wa huko huko mlimani, Mlutheri mpole asiyetia kitu kinywani kabla ya kuomba. Alinionyesha mtungi uliofungwa nje, nyuma ya gari, na mpira unaopita chini ya kitanda hadi kwenye jiko.

"Gesi ikivuja ikakuta moto, Bwana Salimu," aliniambia, "gari zima linaruka."

Nilicheka kidogo, lakini tangu hapo nilikaa karibu na mlango.

Saa sita tulisimama Tengeru. Jua lilikuwa kali, na memsabu analalamika baridi. Tukajua ni homa. Akajilaza. Niliwasha jiko nimchemshie maji, likawaka, likanywea, likazimika. Nikawasha tena, likazimika tena. Alipoinuka kumeza dawa likakubali, maji yakaanza kupata moto, alipolala likafa. Akili yangu haikuunganisha mambo hayo mawili. Nilisema ni upepo, nikafunga madirisha yote.

Alasiri tulipanda njia ya udongo mpaka kwa mama yake Elieza, nyumba ya bati katikati ya migomba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibuni."

Kiswahili chake kiliishia karibu na hapo. Elieza alimweleza kwa Kimeru kwamba tuna mgonjwa, na moto wetu unakataa. Mama akaingia ndani. Memsabu alikuwa akitetemeka, hataki kuondolewa kitandani.

Niliwasha mara tatu, jiko likazimika mara tatu. Nikaona labda tundu la gesi limeziba, nilizibue kwa sindano, ila kwanza mtungi ufungwe. Elieza alikuwa nyuma ya gari, na upepo unapiga kelele kwenye migomba.

"Elieza, zima mtungi!"

"Ni mzima!"

Mimi nilisikia "nimezima." Yeye alidhani namuuliza kama mtungi ni mzima, akaukagua, akaugonga, akanijibu kwa uaminifu wake wote.

Basi nikaacha kitasa cha kufungulia gesi jikoni wazi, nikachomoa kichwa cha jiko kinachotoa moto, nikaanza kuchokonoa. Memsabu akajigeuza upande wa ukutani. Hapo hapo nikasikia ssss, na harufu kama ya kitunguu kilichooza ikanijaa puani. Nikakizungusha kitasa, kumbe nazungusha upande usio wake, sauti ikazidi. Niliogopa gari kuruka, na zaidi niliogopa kubaki hai: Mzungu ameungua ndani, Waafrika wawili wamesimama nje hawana hata jeraha. Bomani nani angetusikiliza?

Nikainua macho. Mama yake Elieza alikuwa anakuja mlangoni pa gari na kijinga cha moto kinachowaka. Kwao, kama kwetu, jirani akikosa moto unampelekea.

"Zima, mama! Zima!"

"Mzima, baba," alinijibu kwa tabasamu, akaongeza hatua.

Niliruka nje, nikakidaka kijinga upande ule ule wa moto, nikakizamisha kwenye mfereji wa migomba. Mama alinitazama kama mwendawazimu. Elieza aliponusa ile harufu alikimbilia mtungi akaufunga, tukafungua kila mlango na dirisha, tukambeba memsabu na godoro lake mpaka ndani ya nyumba. Chai yake ilichemka kwenye mafiga ya mama.

Asubuhi ya pili tuliinua kitanda. Mguu wake mmoja ulikuwa umekanyaga mpira. Mtu akilala upande ule, mpira unabanwa na moto unakufa. Akijigeuza, gesi inapita kama kawaida. Tuliusogeza mpira, Elieza akawasha jiko likawaka vizuri tu. Mimi nilikuwa nimesimama mbali, kwenye mibuni.

Siku ya tatu tulirudi mjini, homa imeshuka. Memsabu alinishukuru, akasema alilala vizuri sana, hakusikia lolote. Kisha akaona kitambaa mkononi mwangu.

"Umeungua na nini, Salimu?"

"Chai, memsabu."

Elieza alitazama barabara, na mimi nikatazama barabara.

Nilichojifunza ni kusema "funga," kisha kwenda mwenyewe kuushika mtungi, hata niambiwe nini. Lakini mtu akinijibu "mzima," hata kama ni salamu tu sokoni, vidole vya mkono huu hujikunja vyenyewe.