Springi ya Lori la Dubow

Mwaka ule wa 1966 hakuna dereva aliyekwenda Wajir kwa wakati wake mwenyewe. Alikwenda kwa msafara, askari mbele na askari nyuma, na aliyeachwa na msafara alikaa Garissa akingoja mwingine, ambao ungeweza kuja upesi au kucheleweshwa na mabomu yaliyofukiwa barabarani na shifta, wale waasi wa Kisomali waliopigana na serikali. Dubow Kerrow alikuwa ameizoea hali hiyo kama mtu anavyozoea jino bovu.

Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye macho mekundu ya vumbi. Lori lake alilinunua kwa ngamia wa marehemu baba yake, na wazee wa ukoo walimcheka wakisema amebadilisha maziwa kwa moshi. Vita vilipopamba moto hawakumcheka tena. Ngamia walipigwa risasi, wengine wakachukuliwa, na watu wakakusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa miiba, wakakatazwa kutoka na mifugo kwenda malishoni. Mkewe Hinda na binti yao Ardo walikuwa katika kijiji kimoja cha namna hiyo, ubavuni mwa mji wa Wajir. Kilichobaki mkononi mwa Dubow ni lori.

Sasa lori nalo lilikuwa limevunjika. Alikuwa akitoka Thika na shehena ya unga, na kabla ya kufika Tana gurudumu la nyuma likaingia shimoni kwa kishindo. Jani kubwa la springi, ule ubapa wa chuma wa juu ulioshika mwili wa gari, likakatika vipande viwili. Yeye na utingo wake Kulow, binamu yake mwenye mvi nyingi kuliko yeye, walichomeka gogo, wakalifunga kwa ngozi mbichi, na kuingia Garissa wakitambaa, lori limelala upande kama ngamia mwenye kidonda.

Hata unga haujashushwa, dereva aliyetoka Wajir alimjia.

"Dubow, nina salamu za Hinda. Ardo anaumwa."

"Anaumwa nini?"

"Kifua. Anakohoa, homa haishuki, na maziwa hakuna. Hinda anasema uje umlete hospitali ya huku. Mtoto mwenyewe kila gari likinguruma anauliza kama ni wewe."

Dubow aliuliza msafara unaondoka lini. Akaambiwa keshokutwa asubuhi.

Alikwenda na lori moja kwa moja kwa Munyao. Huyu alikuwa fundi kutoka Kitui, mwenye gereji karibu na soko la mifugo, na walikuwa wamejuana tangu kabla ya vita. Siku hizo watu wa bara na Wasomali walikuwa wameanza kutazamana kwa pembe ya jicho, lakini wao wawili bado walikunywa chai kikombe kimoja. Munyao alijilaza chini ya lori, akaishika ile springi, akatoka akijifuta mikono.

"Acha gari hapa, ndugu yangu, nitakufungia jani jipya. Lakini lazima litoke Thika. Na mimi nimejaziwa magari ya serikali, siruhusiwi kugusa jingine mpaka niyamalize."

"Msafara ni keshokutwa, fundi."

"Basi utapanda unaofuata."

"Mtoto wangu ni mgonjwa."

Munyao alichungulia tena chini ya lori. Dubow akamwambia alilokuwa akiliwaza njia nzima: nyuma ya soko kulikuwa na mzoga wa lori kama lake, na springi yake ya nyuma bado ilikuwepo. Angeing'oa, apanue tundu lake la boliti kwa moto, aifunge mwenyewe.

"Chuma cha springi ukikitia moto kinapoteza nguvu zake," Munyao alisema. "Kitakubeba, sikatai. Lakini siku kitakapochoka hakitakuambia. Kwa nini usipande lori la mwenzako?"

"Kibali ni cha dereva na gari lake. Bila gari hawanipeleki. Na nikifika huko, mtoto nitamleta na nini?"

Munyao aliingia gerejini, akatoka na jeki yake nzuri. "Chukua. Na punguza mzigo. Nusu ya huo unga uache hapa."

Dubow alibaki amesimama kando ya lori. Angengoja, gari lingetengenezwa likatengenezeka, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini kila alipojaribu kusema neno "nangoja" alimwona Ardo ameinua kichwa kwenye mkeka, anasikiliza barabara. Akamwita Kulow wakachukue nyundo.

Walifanya kazi siku nzima iliyofuata, juani. Waliing'oa springi ya ule mzoga, wakawasha mkaa, wakapanua tundu, wakaipinda mpaka ikafanana na mwenzake. Kulow aliungua kiganja na hakulalamika. Lori liliposhushwa kutoka kwenye jeki lilisimama sawasawa, na Dubow, kwa mara ya kwanza tangu apate habari ile, alicheka.

Springi ilishika. Ilishika mpaka Modogashe, ikashika katika makorongo yenye mawe, na Dubow akaanza kuamini. Ilikatika baada ya Habaswein, ndani ya laga, ule mkondo wa mchanga usio na maji. Ulisikika mlio mmoja kama bunduki, askari wote wakalala chini. Ekseli ilikuwa imerudi nyuma, na gurudumu limekwama kwenye bodi.

Ofisa wa msafara, kijana wa bara mwenye sauti ya upole, alikuja akatazama.

"Linaweza kutengenezwa?"

"Nipe mpaka adhuhuri, afande."

"Hapa siwezi kusimamisha magari yote hata kwa muda wa kuvuta sigara." Alitazama vichaka. "Hamisheni unga mnaoweza. Unaobaki hatuwaachii shifta. Gari pia."

Dubow hakuelewa mara moja. Alipoona askari anakuja na debe la petroli, alimshika ofisa mkono, jambo ambalo lingeweza kumpatia risasi.

"Afande, hili ndilo nyumba yangu. Niache nalo."

"Nikikuacha nalo, kesho nitaokota maiti. Panda gari la mbele."

Kulow alimvuta. Dubow alichukua jeki ya Munyao tu, kwa kuwa haikuwa yake, akaipakata magotini. Hakugeuka nyuma. Harufu ya unga unaoungua, kama mkate uliosahauliwa jikoni, iliwafuata muda mrefu.

Kijijini alimkuta Ardo yu hai. Alikuwa amekonda, macho yamekuwa makubwa, na kila pumzi ilimpandisha mabega. Hinda alisogea mlangoni kumpisha mumewe.

"Aabo," mtoto alisema. "Sijasikia lori."

"Nimeliacha njiani, aabo," Dubow alimjibu, kwani kwao baba humwita mwanawe kwa jina lile lile analoitwa yeye. "Lilichoka."

"Likipumzika utanipandisha mbele?"

"Mbele kabisa. Kulow atakaa nyuma."

Hilo lilimfurahisha. Dubow alimbeba mpaka kwa dresa, mganga msaidizi wa zahanati ya mjini, akapewa vidonge na kuambiwa ampeleke Garissa. Alizunguka kwa kila dereva, akasimama mbele ya kila ofisa. Msafara wa kurudi ulikuwa haujapangwa. Ardo alifariki mchana wa siku ya pili, kichwa chake kikiwa kwenye paja la baba yake, na alasiri hiyo wakamzika nje ya uzio, askari wakiwasimamia.

Watu walipoanza kutawanyika, Hinda alimgeukia mumewe.

"Ungengojea springi mpya, tungekuwa na gari."

"Ningengoja, nisingemkuta."

"Najua," alisema Hinda. "Yote mawili nayajua." Ndipo akalia, na Dubow akalia naye bila kujificha, mwanamume mzima, mbele za watu.

Miezi mingi ilipita kabla hawajapata kibali cha kushuka Garissa. Dubow alimrudishia Munyao jeki yake. Munyao alikuwa ameshasikia. Aliigeuzageuza mikononi akasema, "Bora ningekunyima."

"Ungeninyima, ningeazima kwingine," Dubow alijibu.

Munyao alimpa kazi pale gerejini, na huko akabaki hata baada ya vita kwisha. Hakuendesha tena. Hinda alifungua kibanda cha maziwa sokoni, wakapata watoto wengine wawili wa kiume. Jina la Ardo walilitaja mara chache.

Madereva waliokuwa na haraka walimjia Dubow wakiuliza kama springi fulani wanaweza kujifungia wenyewe wakaondoka, au waiache kwa fundi. Aliwaeleza moto unavyodhoofisha chuma, akawaonyesha pa kutazama ufa. Wakimsisitiza awaambie wafanye lipi, aliomba spana na kurudi chini ya gari.